Kundi la Mtu Mmoja

Wafanyakazi wa idara ya ukaguzi wa majengo walimwita mkurugenzi wao Kiyoyozi, kwa sababu alivuma kutwa nzima na chumba hakikupoa. Jina lilimstahili. Bwana yule aliweza kuzungumza mpaka watu wakaanza kuchunguza viatu vyao, na ukijiuliza baadaye alisema nini, utakuta kwamba alisema "kwa mujibu wa taratibu" kisha akakohoa. Ukutani nyuma ya kiti chake alikuwa ametundika methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa herufi za dhahabu, ndani ya fremu nzito. Fremu yenyewe iliwekwa pale kuficha ufa.

Katika idara hiyo alifanya kazi mdogo wa mke wake, mwanamke aliyesomea hesabu za siri, zile zinazolinda ujumbe na saini za mitandaoni. Ofisini walimwita Bi Hesabu. Kazi aliipata kwa usaili, shemeji yake akiwa safarini, lakini hilo halikumzuia Kiyoyozi kumwambia kila mgeni, "Huyu nimemweka mimi." Bi Hesabu alikuwa akitabasamu na kutazama dirishani. Alimdharau shemeji yake kwa moyo mkunjufu, bila hasira, kama mtu anavyoidharau saa iliyosimama.

Kazi aliyoajiriwa kuifanya ilitokana na jambo baya. Mkaguzi mmoja alikuwa ameandika onyo kuhusu ghorofa lenye msingi mwembamba, akaweka jina lake chini. Wiki hiyohiyo watu wasiojulikana walimngojea nje ya lango lake wakamvunja mkono. Baada ya hapo maonyo yalikoma. Majengo ya mji mzima yakapona kwa mpigo, na Kiyoyozi akatoa hotuba kuhusu ubora wa ujenzi.

Dawa aliyoileta Bi Hesabu ilikuwa saini ya kundi. Kila mkaguzi alipewa ufunguo wake wa siri, ukakaa ndani ya simu yake. Akiona jengo bovu anaandika onyo, anatia saini kwa ufunguo huo, na onyo linatokea kwenye ubao wa idara mtandaoni. Mtu yeyote, hata muuza maziwa, anaweza kuihakiki saini ile na kupata jibu moja: ndiyo, huyu ni mmoja wa wakaguzi. Ni yupi? Hapo ubao unanyamaza.

Watu walipomuuliza ubao unanyamaza vipi, aliwaonyesha vigae vya sakafu.

"Chukulia pembe za vigae hivi ni nukta," alisema. "Nikiweka kidole karibu na pembe moja, unaona papo hapo nimekusudia ipi. Sakafu hii ina urefu na upana tu. Sasa ipe pande mia kadhaa. Nukta zimejipanga kama wavu kila upande, na kidole changu nimekisogeza kidogo makusudi. Itafute nukta niliyoikusudia. Utatafuta mpaka wajukuu zako waote mvi, wewe na kompyuta yako, hata zile mpya zinazotishia kuvunja kufuli zote za zamani."

Njia ya kumfunua aliyesaini ilikuwepo, ila ilikuwa nyembamba. Ufunguo wa kufunulia ulikatwa vipande viwili. Kimoja alikaa nacho Bi Hesabu. Cha pili alipewa Mzee Rula, mkaguzi mkongwe kuliko wote, aliyetembea na rula ya chuma mfukoni na kuitumia hata kukoroga chai. Vipande hivyo vingekutanishwa pale tu ambapo onyo limethibitika kuwa la uongo.

Kiyoyozi alipokisikia kitu chenye wanachama, alidai awe mwanachama wa kwanza. Hakuwa amekanyaga tope la ujenzi tangu apate kiti cha ofisini chenye magurudumu, lakini kwa cheo alikuwa bado mkaguzi, basi akaandikishwa.

Mfumo ulifanya kazi. Maonyo yakarudi, majengo kadhaa yakafungwa, na hakuna aliyevunjwa mkono, maana hakuna aliyejua mkono wa kuvunja ni upi. Kiyoyozi alijisifu kwa mfumo huo kila alipopewa kipaza sauti.

Kisha likaja onyo kuhusu wodi mpya ya wazazi.

Jengo hilo lilikuwa kipenzi chake. Alilipitisha yeye mwenyewe, kwa barua yake, na mkandarasi aliyelijenga alikuwa rafiki yake wa kula na kucheka. Siku ya ufunguzi ilikuwa imeshapangwa, maturubai yameshaagizwa. Onyo lilikuwa fupi: nguzo za ghorofa ya chini zina nyufa zinazoonyesha jengo linatitia, jengo lisipokee wagonjwa. Chini yake ilikuwepo saini ya kundi, na saini ilikuwa safi.

Kiyoyozi alimwita Bi Hesabu pamoja na Mzee Rula. Hakuuliza habari za nguzo.

"Nani?" akasema.

"Hatujui," Bi Hesabu akajibu. "Ndiyo maana ya kazi yote ile."

"Basi unganisheni hivyo vipande vyenu."

Mzee Rula alitoa rula yake, akaitazama kana kwamba jibu limeandikwa huko. "Onyo ni la uongo, Mkurugenzi?"

"Ni la kuchafua jina."

"Sikuuliza kama linachafua. Nimeuliza kama ni la uongo. Twende tukazitazame nguzo, ni mwendo wa kunywa maji tu. Tukizikuta nzima, kipande changu hiki hapa."

"Mimi siwezi kuburuzwa na onyo lisilo na jina!"

"Basi na mimi siwezi kulipatia jina," alisema Mzee Rula, akatoka zake.

Mtu mwingine angekwenda kuangalia nguzo. Kiyoyozi alikwenda kwenye semina. Huko, kati ya chai na picha ya pamoja, mtu fulani alimweleza kwamba katika saini za kundi mwanachama akifutwa hutolewa alama yake, na alama hiyo ikipitishwa juu ya saini zake inazitambua. Alirudi macho yanang'aa kama ya paka aliyegundua mlango wa jiko.

"Tunawafuta mmoja mmoja," alimwambia Bi Hesabu. "Kila tukimfuta mtu, tunapitisha alama yake juu ya lile onyo. Itakayowaka, ndiye. Kwa ukaguzi wa ndani, kwa mujibu wa taratibu."

"Haitawaka, shemeji."

"Unasema hivyo kwa sababu unawalinda."

"Nasema hivyo kwa sababu niliijenga. Mifumo mingine ndivyo ilivyo, kweli. Huu wangu umegawa muda kwa wiki. Nikimfuta mtu leo, alama yake inatambua saini za kuanzia wiki hii kwenda mbele. Za nyuma zinabaki gizani, kwa sababu alizitia akiwa mwanachama halali, akiwa ameahidiwa siri. Kumfuta mtu ni kumzuia kesho. Si kumvua nguo za jana."

Kiyoyozi alitikisa kichwa kwa huruma, kama mtu anayemsikiliza mtoto akieleza kwamba mwezi unamfuata. "Nyinyi watu wa hesabu mna maneno mengi. Futa."

"Kuna jambo la pili. Saini inamficha mtu kwa sababu wenzake wapo. Ukiwapunguza wenzake unampunguzia pa kujificha. Kundi la mtu mmoja si kundi."

"Futa, shemeji. Nimekuandikia na barua."

Na kweli alimwandikia barua, yenye mhuri mara mbili. Bi Hesabu aliisoma, akaona jinsi ilivyojaa upuuzi, akacheka moyoni. Angeweza kukataa. Lakini alikuwa amemdharau mtu yule kwa muda mrefu mno, hata akaona tamu kumwacha ajigonge ukutani kwa kichwa chake mwenyewe. Alikaa kwenye meza yake, akamfuta wa kwanza. Alama ikatoka, ikapitishwa juu ya onyo la wodi. Giza. Kiyoyozi, aliyekuwa amesimama nyuma yake akinukia manukato, akasema, "Mwingine."

Ikawa hivyo siku baada ya siku. Mkaguzi anaitwa, anaambiwa amesimamishwa kwa muda, anatoka na mfuko wake wa vifaa, na alama yake haiwashi chochote. Mzee Rula alipofutwa aliuliza kama akabidhi na rula. Kiyoyozi hakukata tamaa. Kila aliyekuwa si yeye alimzidishia uhakika kwamba ni yule anayefuata. Mwishowe hapakuwa na anayefuata, na onyo lilikuwa bado pale kwenye ubao, saini yake safi kama siku ya kwanza, bila mwenyewe.

"Basi mfumo ni mbovu," alitangaza, akaenda kula.

Jumapili hiyo Bi Hesabu alikaribishwa chakula cha mchana kwa dada yake. Dada huyo, mke wa Kiyoyozi, ndiye aliyekuwa mtu wa kazi katika nyumba ile. Ujanani alifanya kazi kwenye maabara ya zege. Kazi yake ilikuwa kuponda vipande vya zege kwenye mashine na kusema kama jengo litasimama. Mume alipopanda cheo alimwachisha. Mke wa mkurugenzi, alisema, hawezi kurudi nyumbani na vumbi la saruji kichwani. Basi akabaki nyumbani, na badala ya vumbi akapewa simu ya mume. Barua pepe za Kiyoyozi alizijibu yeye. Hotuba aliandika yeye, ukiondoa kule kukohoa. Hata siku ya kuandikishwa kwenye kundi, mume alimtupia simu akisema, "Mama, hebu nifanyie haya mambo ya kubonyeza," naye akabonyeza, akachagua neno la siri, na mpaka leo mumewe hajawahi kumuuliza ni neno gani.

Mezani Kiyoyozi alisimulia ushindi wake. Alikuwa amekwishausahau ule upande wa kushindwa.

"Nimewasafisha wote," alisema huku akijiongezea mchuzi. "Jumamosi ijayo tunafungua wodi. Hakuna wa kuandika upuuzi tena."

Dada alikuwa akijibu barua ya mtu kwa niaba yake, simu imeegeshwa kwenye jagi la maji. Hakuinua macho. "Wote?"

"Wote."

"Kwa hiyo kwenye kundi amebaki nani?"

"Nani mwingine? Mimi!" Akacheka. "Mimi tu."

"Wewe tu," dada akarudia taratibu, kama mtu anayehakikisha kipimo kabla ya kukata. "Na hizo nguzo, umezitazama?"

"Nguzo zina wataalamu wake."

"Si umewafuta?"

Kiyoyozi alimwangalia mkewe, akaamua kwamba hakusikia. Bi Hesabu alicheka mpaka akapaliwa. Dada yake hakucheka. Alimpigapiga mgongoni, akamsogezea maji, akarudi kwenye simu.

Kesho yake, mchana kweupe, onyo la pili lilitokea kwenye ubao.

Hili halikuwa fupi. Lilieleza nguzo ya tatu kutoka ngazini, ambako zege lilikuwa na mapengo kama sega la nyuki na nondo zimeanza kushika kutu kabla ya jengo kupata mgonjwa hata mmoja. Lilieleza boriti iliyopinda juu ya chumba cha kujifungulia. Lilitaka vipande vya zege vichimbwe na kupelekwa maabara, na likataja vichimbwe wapi. Sentensi zilikuwa kavu na safi. Hakuna mahali palipoandikwa "kwa mujibu wa".

Bi Hesabu aliihakiki saini. Ilikuwa ya kweli, ya wiki hiyo. Akaipitisha kwenye alama za wakaguzi wote waliofutwa. Hakuna hata moja iliyowaka. Aliegemea kiti akaziba mdomo kwa kiganja. Kisha akalisoma onyo mara nyingine, akaijua mikono iliyoliandika. Mikono hiyo ilimfundisha yeye kusoma.

Waandishi wa habari hawakuhitaji kufundishwa hesabu. Ubao ulikuwa wazi: huku majina ya waliofutwa, ambayo Kiyoyozi mwenyewe aliagiza yatangazwe ili yawe fundisho, na huku saini ya mkaguzi ambaye hajafutwa. Mtoto wa chekechea angetoa jibu. Simu zilianza kuita kabla chai haijapoa.

Kiyoyozi aliingia ofisini kwa Bi Hesabu bila kubisha hodi, tai imemkaa begani.

"Mfumo wako umevunjwa!"

"Haujavunjwa."

"Wanasema nimesaini mimi! Mimi sijasaini kitu!"

"Saini inasema ni mwanachama ambaye hajafutwa, shemeji. Umebakiza mmoja."

"Mtu ameiba ufunguo wangu!"

"Inawezekana. Uko wapi ufunguo wako?"

"Uko kwenye..." akapapasa mfuko wa koti, kisha wa suruali. Bi Hesabu alimtazama akipapasa. Alikuwa ameingoja starehe hii kwa miaka, na aliinywa polepole. Mikono ya Kiyoyozi iliishiwa mifuko. Uso wake ukabadilika kidogo kidogo, kama taa za nyumba zinavyowaka chumba baada ya chumba.

"Simu iko nyumbani," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi waeleze hivyo wanahabari. Waambie mkurugenzi wa ukaguzi hajui neno lake la siri. Waambie kazi zako zote anafanya mama watoto, na kwamba ndiye aliyekwenda kutazama nguzo ambazo wewe hukuzitazama. Watakuelewa."

Alikaa kitini. Nje, sauti za wanahabari zilipanda ngazi. Akasimama, akainyoosha tai, akakohoa. Bi Hesabu alidhani anakwenda kujiuzulu. Hata yeye, pamoja na dharau yake yote, alikuwa amemkadiria juu mno.

"Ndugu wanahabari," Kiyoyozi aliwaambia pale kwenye korido, kifua mbele, "ni kweli. Nimesaini mimi, kwa mkono wangu huu. Kwa muda mrefu nimekuwa na mashaka na jengo hili. Niliwaweka kando wakaguzi wote ili dhamana niibebe peke yangu. Mama zetu kwanza!"

Walimpigia makofi. Mtu mmoja alifuta chozi. Mzee Rula, aliyekuwa amekuja kuchukua mwavuli wake aliousahau, alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Lo," akaondoka na mwavuli.

Ufunguzi uliahirishwa. Zege lilichimbwa palepale palipotajwa, na maabara ikalikuta laini kama biskuti iliyochovywa. Nguzo zikavunjwa na kujengwa upya, kwa gharama za mkandarasi, ambaye alikoma kula na kucheka na Kiyoyozi. Wazazi waliendelea kujifungulia kwenye wodi ya zamani, iliyobanana na yenye joto, lakini yenye paa linalokaa juu. Kiyoyozi alipewa ngao ya uadilifu. Muda si mrefu aliteuliwa kwenye kamati ya taifa ya uwazi, ambako inasemekana anavuma vizuri.

Kabla hajahama, Bi Hesabu alimpelekea kanuni mpya: hakuna kumfuta mwanachama bila sahihi za wakaguzi wenzake, kundi lisishuke chini ya idadi fulani, na mkurugenzi asiwe mwanachama. Kiyoyozi aliweka sahihi bila kusoma. Aliuliza tu kama jina lake limeandikwa kwa herufi kubwa. Wakaguzi wakarudishwa, wakapewa funguo mpya. Aliyeandika onyo la kwanza la wodi alikuwa mmoja wao, akapanga foleni na wenzake, akachukua ufunguo wake, na hakuna aliyemjua mpaka leo, Bi Hesabu akiwemo.

Jumamosi moja alikwenda kumtembelea dada yake. Alimkuta barazani anafunga kamba za viatu vizito. Maabara ilikuwa imemwita arudi, na mume hakuthubutu kufungua mdomo.

"Dada, umenifurahisha," alisema Bi Hesabu, akiketi karibu yake. "Sijawahi kucheka vile. Ungeona alivyokuwa anajipapasa!"

Dada aliendelea na kamba. "Uliwafuta wewe?"

"Nani?"

"Wakaguzi. Kidole kilichobonyeza kilikuwa cha nani?"

"Aliniamuru. Ana barua. Na nilimwonya, dada, nilimwambia kila kitu."

"Ulimwonya, halafu ukabonyeza. Yule ni mjinga, nimeishi naye, namjua. Wewe si mjinga. Ulijua hatapata kitu, ukawatoa watu kazini mmoja mmoja ili upate cha kuchekea." Alivuta kamba ikakaza. "Mmoja wao ana mtoto mgonjwa. Ulijua?"

"Sikujua."

"Ungejuaje? Ulikuwa unamtazama shemeji yako."

Bi Hesabu alitaka kusema kitu kuhusu wiki na alama na giza, akaona hakitafika popote. Uso ulimwaka. Aliwahi kumwona dada yake akimtazama mtu kwa jicho lile, mara nyingi, kule mezani, lakini hakuwahi kukaa upande wa kutazamwa.

Dada alisimama, akakanyaga sakafu mara mbili kuvijaribu viatu.

"Chakula kipo jikoni," alisema. "Ukiondoka, rudishia mlango."

Akashuka ngazi, akaenda kazini.